Kula Vizuri Bila Kuipa Keki Talaka

Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Kila mwaka naanza dayati mara mbili au tatu: naacha wali, mkate na vitu vitamu vyote. Wiki mbili za kwanza nakwenda vizuri na uzito unashuka. Ya tatu najikuta nimemaliza pakiti nzima ya biskuti usiku, kisha naacha kila kitu. Kwa miaka minne nimeongezeka kilo sita. Sukari na shinikizo la damu nimepimwa, viko sawa. Napenda kula na sitaki kuishi nikihesabu kalori. Kuna njia ya kula vizuri bila kujinyima, au najidanganya?

Jibu: Hujidanganyi, dada. Lakini kabla ya kufika kwenye sahani na vipimo, tuzirudie zile biskuti za wiki ya tatu, maana naona unazichukulia kama ushahidi kwamba huna msimamo. Wiki ya tatu ilipikwa na wiki mbili zilizotangulia.

Mwaka 1944 mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza jaribio na vijana wa kiume 36 waliojitolea, waliochaguliwa kwa sababu walikuwa wazima wa mwili na akili. Kwa wiki 24 walipewa chakula cha kalori takriban 1,600 kwa siku, kiasi ambacho dayati nyingi za leo zingekiona ni cha ukarimu. Mazungumzo yao yakawa chakula tu. Wakakesha na vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wengine wakavunja masharti kwa siri. Walipofunguliwa, baadhi yao walikula mpaka tumbo likawauma na bado wakasema hawajatosheka. Hao hawakuchaguliwa kwa ulafi wao. Mwenye njaa hana miiko, na mwili ulionyimwa kwa wiki kadhaa hufanya kazi moja tu: kukurudisha jikoni.

Hiyo ndiyo injini ya kwanza, njaa. Ya pili ni marufuku yenyewe. Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack waliwapa watu milksheki, halafu wakawawekea aiskrimu wale watakavyo. Wasio na mazoea ya kujibana walikula aiskrimu kidogo kwa kuwa milksheki ilishawashibisha. Waliozoea kujibana walifanya kinyume: waliokunywa milksheki ndio waliokula aiskrimu zaidi. Sheria ilikuwa imeshavunjika, basi maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Biskuti yako ya kwanza ile usiku haina tatizo lolote. Pakiti nzima imeletwa na wazo kwamba kesho biskuti ni haramu tena.

Kwa hiyo kazi yetu ina mpangilio: kwanza njaa iondoke, ndipo marufuku iondolewe. Ukianza na la pili ukiwa bado na njaa, utasema ushauri huu ni uongo.

Na ule uzito ulioshuka wiki mbili za kwanza usikuumize kichwa. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu yake hushika takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wali na mkate ghafla, akiba hiyo hupungua na maji yake hutoka. Mizani inaonyesha kilo moja hata mbili pungufu, mafuta ya mwilini yamepungua kiduchu. Siku ukirudi kula wanga, maji yanarudi, nawe unadhani umenenepa kwa sahani moja ya wali.

Sasa zile kilo sita. Mwili mzito zaidi hutumia nishati zaidi, na kwa makadirio ya kawaida kilo moja ya ziada huhitaji kalori 20 hadi 25 kila siku ili ibaki pale ilipo. Maana yake leo unakula pengine kalori 150 hivi zaidi kwa siku kuliko miaka minne iliyopita. Ni kijiko kimoja cha chakula cha mafuta na robo yake, au kopo moja la soda. Pengo la ukubwa huo halihitaji mapinduzi, na hakika halihitaji kuacha wali.

Wala si lazima uchague kambi ya wanga au kambi ya mafuta. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la watu wazima 609 waliofuatiliwa kwa mwaka mzima, nusu wakipunguza mafuta na nusu wakipunguza wanga. Wastani wa uzito uliopungua ulikuwa kilo 5.3 kwa kundi la kwanza na kilo 6.0 kwa la pili, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Kinachonivutia mimi ni walichoambiwa wote: wale mboga nyingi, wapunguze sukari na unga uliokobolewa, wapike nyumbani. Hakuna aliyepangiwa idadi ya kalori.

Twende kwenye shibe. Huletwa na vitu vinne hasa: ujazo wa chakula tumboni, protini, nyuzinyuzi, na muda unaotumia kutafuna. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori karibu 240, wakaangalia watu wanahisi kushiba kiasi gani kwa saa mbili. Viazi vya kuchemsha vilishika nafasi ya kwanza, vikishibisha zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Mwisho kabisa lilikuwa andazi la Kifaransa la siagi, kroasanti, lisilofikia hata nusu ya mkate. Kiazi, kile ambacho kila dayati huanza kukifukuza! Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori karibu 85. Vikikaangwa chipsi, uzito uleule unakaribia 300, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia. Kiazi hakina kesi hapo.

Sahani ya mlo mkuu igawe kwa macho. Nusu iwe mboga, robo protini, robo wanga. Kwa vipimo: mboga zilizopikwa gramu 150 hadi 200, kama ngumi zako mbili. Protini gramu 20 hadi 30, ambayo unaipata kwenye gramu 100 za samaki au kuku aliyepikwa, au kikombe cha maharage yaliyoiva (gramu 15 hivi) pamoja na yai moja (gramu 6). Wali uliopikwa gramu 150, kama kikombe kimoja kisichojaa sana, una kalori 200. Kama baada ya mlo huo bado una njaa ya kweli, ongeza. Anza na mboga na protini, lakini wali si sumu.

Maharage na dengu nitayasemea zaidi kidogo, maana hakuna chakula kingine cha bei ya kawaida kinachobeba protini na nyuzinyuzi kwa pamoja namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha maharage kinakupa karibu nusu ya nyuzinyuzi hizo. Kosa la kawaida ni kurukia vikombe viwili siku ya kwanza, tumbo likajaa gesi, mtu akaapa hatayagusa tena. Anza na vijiko vitatu vya chakula kwa siku, ongeza kila baada ya siku nne au tano, na unywe maji ya kutosha. Maharage yaloweke kwa muda wa saa 8 hadi 12, yamwage maji hayo, upikie mengine. Dengu ndogo bapa, zile ziitwazo pia adesi, hazihitaji kulowekwa.

Halafu kuna saa za kula. Mtu anayemaliza pakiti usiku mara nyingi amekula nini mpaka saa nane mchana? Kikombe cha chai na kipande cha mkate asubuhi, mchana saladi tupu au hakuna. Jioni mwili unadai deni lake na unalidai kwa sukari. Asubuhi weka protini: mayai mawili, au maziwa mgando yasiyo na sukari, au siagi ya karanga kwenye mkate wa ngano isiyokobolewa, na tunda. Usikae zaidi ya muda wa saa tano bila kula. Kama chakula cha mchana na cha jioni vimetengana saa saba, weka kitu katikati, mfano ndizi na karanga gramu 30 (kiganja kimoja kilichokunjwa kidogo, kalori 170). Utaona ajabu: watu wengi huongeza chakula cha mchana na usiku wao unatulia wenyewe.

Umewahi kuambiwa utumie sahani ndogo? Majaribio ya jambo hilo hayakubaliani, usilitegemee. Linaloaminika zaidi ni kwamba tukipakuliwa kingi tunakula kingi, bila kujijua. Pakua jikoni, sufuria ibaki hukohuko. Atakayetaka zaidi ataamka, na wakati wa kuamka hujiuliza.

Soda, juisi na chai tamu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kwa sababu nishati ya kunywa haishibishi kama ya kutafuna. Kopo la mililita 330 la soda lina sukari gramu 35 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari za kuongezwa, zile za asali na za juisi zikihesabiwa humo, zisifikie asilimia 10 ya nishati, yaani gramu 50 kwa mtu wa kalori 2,000, na ikiwezekana zishuke hadi 25. Chai nne zenye vijiko vitatu vitatu zimeshafika gramu 48. Usiiache sukari ya chai kwa siku moja, utaichukia chai. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi hauoni. Tunda lile zima, juisi ni ya kusherehekea. Pombe nayo ina kalori saba kwa gramu, na hulegeza msimamo wa kila kitu kinachofuata.

Mafuta ya kupikia yanahitaji kijiko tu, hayahitaji hofu. Kijiko cha chakula ni gramu 14, kalori 120. Mkono unaomimina kutoka kwenye chupa humwaga vitatu kwa urahisi na kudhani ni kimoja. Lakini mboga bila tone la mafuta ni kosa la upande wa pili: vitamini A, E na K huhitaji mafuta ili zifyonzwe, na mboga zilizochemshwa tupu ndizo zilizowafanya watu waamini kwamba afya haina ladha.

Hapo nitakaa kidogo, kwa kuwa umesema unapenda kula na hili ndilo jibu lako. Mboga hupata ladha inapobadilika rangi kuwa kahawia, mchakato alioueleza mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Unahitaji joto la nyuzi 140 na kupanda, na sehemu ya juu ya mboga iwe kavu, sababu maji hayapiti nyuzi 100. Chukua gramu 500 za karoti, koliflawa, biringanya, pilipili hoho au kabichi. Osha, kausha kwa kitambaa, kata vipande vya sentimita mbili hadi tatu. Changanya na kijiko kimoja na nusu cha chakula cha mafuta na robo kijiko cha chai cha chumvi. Tandaza kwenye sinia la oveni bila kurundika, joto nyuzi 220, dakika 25 hadi 30, geuza mara moja. Huna oveni, tumia kikaango kizito kilichopata moto kweli, upike kwa awamu mbili. Zikitoka laini na za kijivu, umezirundika, zimejitoa mvuke na kujichemsha zenyewe. Zikiungua nje na kuwa ngumu ndani, vipande ni vikubwa au moto ni mkali mno. Limau, siki au kitunguu saumu kilichopondwa kiingie mwishoni. Uchachu kidogo unakuruhusu kupunguza chumvi, ambayo yote kwa siku haitakiwi kufika gramu tano, kijiko kimoja cha chai. Ulimi huchukua wiki kadhaa kuzoea chumvi ndogo, baada ya hapo chakula cha zamani utakiona cha bahari.

Vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani vina jambo lao. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 kituoni, wiki mbili wakila vyakula hivyo na wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula apendavyo. Kwenye vya kiwandani walikula kalori karibu 500 zaidi kwa siku, tena kwa kasi zaidi, na wakaongezeka kilo 0.9 hivi. Sikuambii uvifukuze nyumbani. Visiwe mlo, basi. Biskuti baada ya chakula ni kitafunio. Biskuti badala ya chakula ni mtego. Na punguza mwendo wa kula: ishara za shibe huchukua kama dakika 20 kupanda kichwani, mlo wa dakika sita umezipita.

Sasa keki na biskuti zenyewe. Subiri wiki mbili za milo iliyotulia kwanza, kisha chagua kitu kimoja tu, tuseme biskuti. Zile baada ya mlo, wakati huna njaa, umekaa, simu iko mbali, na ziwe kwenye sahani badala ya pakiti. Weka idadi unayoitaka kweli, siyo unayoona aibu kuizidisha. Jikumbushe kwamba kesho zipo. Siku za mwanzo huenda ukala zaidi ya ulivyotaraji, usishtuke. Kitu kinachopatikana kila siku hupoteza mvuto, na kilichofungiwa kabatini huongeza: watafiti Jennifer Fisher na Leann Birch walilionyesha hilo kwa watoto mwaka 1999, chakula kilichozuiwa ndicho walichokisemea na kukitaka zaidi. Sikiliza pia ulimi. Utamu wa chakula kimoja hushuka kadiri unavyoendelea kukila, na vipande vya kwanza ndivyo vitamu kupita vyote. Ukifika mahali mdomo unaendelea kwa mazoea tu, umeshapata ulichokifuata. Ndiyo sababu ya kula aina moja kwa wakati; sahani ya vitu sita vitamu huiamsha hamu upya kila unapobadilisha. Biskuti zikishakuwa kitu cha kawaida, hamia kwenye keki. Kipande cha gramu 65 hakifiki kalori 300, na wiki yenye vipande viwili au vitatu kati ya milo 21 haiharibu kitu.

Ikikujia hamu usiku, jiulize kama ungekula yai la kuchemsha na viazi. Ukijibu ndiyo, ni njaa, kale mlo. Ukijibu hapana, ni uchu, uchovu au upweke. Uchu unaweza kuulisha, kwa sahani na kwa kukaa. Uchovu dawa yake ni usingizi; waliolala kidogo hula zaidi kesho yake, hilo limepimwa mara nyingi.

Yapo mambo yasiyo ya kusoma na kujitibia. Kama kula bila kuweza kujizuia kunakutokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, au unajitapisha au kunywa dawa za kuharisha baada ya kula, muone daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Hilo ni tatizo linalotibika, na dayati hulizidisha. Msomaji mwingine anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, aliye mjamzito au mwenye ugonjwa wa figo asibadilishe wanga na protini kwa kufuata jibu la mtu mwingine.

Anza hivi: wiki hii gusa kifungua kinywa na chakula cha mchana peke yake, na kijiko cha mafuta. Biskuti ziache kama zilivyo. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, na usishangae uzito kucheza kilo moja au mbili juu na chini, hayo ni maji na chumvi. Linganisha mwezi na mwezi. Na ikitokea pakiti imeisha usiku mmoja, kifungua kinywa cha kesho kiwe saa ileile, kiasi kilekile, mayai yaleyale mawili, bila kufunga na bila kulipiza.